Honi Tatu za Faraja

Ilikuwapo nchi moja, na kama ipo mpaka leo basi ni kwa rehema za Mungu, maana serikali yake ilijitahidi sana isiwepo. Nchi hiyo ikiitwa Jamhuri ya Twendembele. Msiitafute kwenye ramani, haimo. Na mkiona humu jambo linalofanana na la kwenu, basi mmeiga nyinyi, wao walitangulia.

Katikati ya Twendembele ulipita mto Ruhamba, na katika mto huo ilipita meli. Ilikuwa moja tu, ikiitwa Faraja. Waliirithi kwa wakoloni pamoja na mawigi ya mahakimu na desturi ya kuandika kila barua nakala tatu. Ilikuwa meli ya mvuke, yenye sitaha mbili na dohani moja iliyokohoa tangu alfajiri. Ilipakia mihogo, mbuzi, maharusi, walimu waliohamishwa kwa adhabu, na wagonjwa. Hasa wagonjwa. Hospitali ilikuwa moja, kule Makaoni, mji mkuu, hatua mia mbili kutoka gatini, na watu wengi waliishi juu mtoni, ambako barabara ilikuwa imejengwa mara nne, zote kwenye hotuba.

Serahangi wa Faraja, yaani mkubwa wa mabaharia, alikuwa Kalembo. Aliitumikia meli hiyo miaka thelathini na mmoja, na kamba ya honi ilikuwa mkononi mwake. Honi ile ilikuwa na lugha yake, na kila mtoto wa mtoni aliijua kabla hajajua kuhesabu. Milio miwili mifupi: tunaondoka. Milio mitatu mirefu: tunakuja kumchukua mgonjwa, mtoeni ndani, mleteni gatini. Mlio mmoja mrefu mpaka mvuke uishe: tumebeba maiti. Hapo kila aliye ukingoni husimama, wanawake wakatua vikapu, wanaume wakavua kofia, hata kama hawajui ni nani. Katika miaka yote hiyo honi haikupigwa kwa mzaha hata siku moja, ndiyo maana watu wa juu, wakitaka kuapa, walisema: honi ya Faraja haisemi uongo.

Mkewe Kalembo, Nyanzobe, alikaa kijiji cha Itumbula, kona mbili juu ya mji, ng'ambo. Mtu akimuuliza kuhusu ndoa yake husema yeye aliolewa na honi, Kalembo akaja kama mzigo wa ziada. Kila baharia, akivuta kamba ile, alikuwa na mkono wake, na mkono wa Kalembo uliregea kidogo mwishoni, kama mtu anayeshusha pumzi. Nyanzobe akiusikia kwenye kona ya pili huinjika maji ya ugali. Akisikia mkono wa mwingine, huendelea kupalilia.

*

Mwaka mmoja shafti ya Faraja, ule mtaimbo unaozungusha pangaboi, ilikatika. Kalembo aliandika barua, nakala tatu, akieleza kwamba yupo mhunzi wa reli anayeweza kuchonga nyingine kwa siku tisa. Serikali ilishtushwa na wepesi wa jambo hilo. Ikaunda Tume.

Tume ilikuwa na watu kumi na saba, na kati yao hakuna aliyejua kuogelea. Iliongozwa na Waziri wa Safari na Mapishi, Mheshimiwa Dokta Masifu Lwanda. Wizara hizo mbili zilikuwa zimeunganishwa ili kubana matumizi, kisha ikaundwa ya tatu ya kusimamia muungano wao. Tume ilizunguka nchi kumi na moja kutafuta shafti. Ilirudi baada ya mwaka na nusu ikiwa imenenepa, haina shafti, ila ina wazo.

Mheshimiwa aliitisha mkutano gatini. Alisema katika nchi zilizoendelea wameona meli kama Faraja, kongwe, zimetulia ukingoni, watu wamo ndani wanakula samaki kwa uma. "Ndugu wananchi," akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi ya kweli, "meli inayokwenda hutuacha. Meli iliyosimama ndiyo iliyo pamoja nasi."

Watu walipiga makofi. Kalembo naye alipiga, kwa sababu askari alikuwa karibu.

Ndivyo Faraja ilivyofungwa gatini kwa minyororo minne na kuwa Mgahawa wa Taifa Unaoelea. Mabenchi ya wagonjwa yakawa ya wageni mashuhuri. Mlingoti ukatundikwa taa za rangi. Boila walibakiza, maana iligunduliwa kwamba mvuke uliosukuma meli miaka sitini unaivisha sangara vizuri sana. Na kwa kuwa sheria ilitaka Faraja isafirishe wananchi, kila aliyekuja kula alikatiwa tiketi ya safari, imegongwa muhuri: Kutoka Hapa, Kwenda Hapa. Mwisho wa mwaka takwimu zilionyesha kwamba meli haijachelewa hata mara moja, haijagonga mwamba, na imewafikisha abiria wote. Ikapewa tuzo ya usafiri bora. Watu wa juu walisoma habari hiyo katika gazeti lililofika kwa miguu.

Kalembo alipewa cheo cha Serahangi wa Heshima, sare nyeupe yenye vifungo vya dhahabu, na kazi ya kusimama kwenye usukani ili wageni wapige naye picha. Alikatazwa kuuzungusha kwa kuwa ulikuwa umetundikwa orodha ya vyakula. Aliyavumilia hayo. Alikuwa na umri ambao mtu hapati kazi nyingine, na meli alikuwa anaipenda hata ilipovishwa pazia. Aliomba jambo moja tu. Alimwendea meneja, Bi. Editruda, mama mwenye moyo mwema na hofu nyingi, akamweleza lugha ya honi mwanzo hadi mwisho, na kumsihi isipigwe kwa ajili ya chakula. Bi. Editruda alielewa. Akaifunga kamba ndani ya mfuko wa kitambaa, akaushona kwa mkono wake. Kwa miaka miwili Faraja ilinyamaza.

*

Lakini wageni wakalalamika kuhusu mitumbwi. Baada ya meli kusimama, watu wa juu walirudia mitumbwi ya babu zao, wakawa wanapita mbele ya mgahawa na wagonjwa wao wamefunikwa mashuka. Balozi mmoja alishindwa kumalizia mchuzi. Wiki hiyohiyo Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Mandhari ya Chakula: hakuna mtumbwi utakaopita wala kutia nanga mahali panapoonekana na mtu anayekula. Waliobaki na shida ya hospitali walielekezwa kupitia kwenye matete, kinamasi cha mwendo wa siku nzima, chenye mbu na viboko. Wizara iliita njia hiyo Barabara ya Utalii wa Ndani.

Na ndipo miguu ya Nyanzobe ilipoanza kuvimba.

Kalembo, katika siku yake moja ya ruhusa kwa mwezi, alimleta mganga wa zahanati ya Lubungo amtazame. Mganga alisema ni moyo, umechoka, hapa dawa yake hakuna. Apelekwe Makaoni kwa njia fupi, tena amelazwa, maana matete yatammaliza. Nyanzobe alicheka akamwambia mumewe asikunje uso, bado anaweza kumkimbiza kwa mwiko. Kisha akalala mapema, jambo ambalo hakulizoea.

Kalembo akarudi mjini kutafuta Kibali cha Kupitisha Mtumbwi Mbele ya Watu Wanaokula. Kibali kilihitaji saini saba. Fomu yenyewe ilimtaka mgonjwa afike ofisini, athibitishe kwamba hawezi kufika. Kalembo alipouliza hilo litawezekanaje, karani alimjibu kwa upole kwamba wengi huuliza, na kwamba swali hilo lina fomu yake. Mwishowe wakakubali picha ya Nyanzobe na alama ya dole gumba. Alipanda ngazi na kushuka miezi minne. Akapata saini sita. Ya saba ilikuwa ya Mheshimiwa Waziri, na Mheshimiwa alikuwa hashikiki. Kila alipotafutwa alikuwa mahali pengine akizungumzia umuhimu wa kupatikana.

*

Siku ya kuadhimisha miaka miwili ya Mgahawa wa Taifa, Mheshimiwa alikuja mwenyewe, pamoja na Baraza zima la Mawaziri. Ratiba ilikuwa imechapwa kwa wino wa dhahabu, na kwenye saa tano asubuhi iliandikwa: Sangara wa Mheshimiwa anaingia, honi mara tatu.

Bi. Editruda alipoisoma alikaa chini. Hakuwa ameulizwa. Alimwendea Waziri akamweleza kwa sauti ya chini kwamba honi ina matatizo kidogo. Waziri aliuliza matatizo gani, naye kwa hofu akasema serahangi ndiye anayejua. Kalembo akaitwa, akasimama mbele ya meza na vifungo vyake, wageni mia na ishirini wanamtazama.

"Mheshimiwa," akasema, "honi hii ina maana kwa watu wa juu. Ikilia mara tatu watamtoa mgonjwa ndani, wampeleke gatini, wasubiri."

"Mzee wangu," Waziri akamjibu, akitabasamu, "watu wa juu hawakualikwa."

Meza ikacheka. Bi. Editruda, akitaka kumsaidia na asijue anachokifanya, aliinama akamnong'oneza Waziri kwamba mzee ana mke mgonjwa hukohuko, na kwamba kuna karatasi inasubiri saini yake. Uso wa Mheshimiwa ulichangamka, maana alipenda kutenda wema mbele ya watu. Aliitaka karatasi ile. Kalembo alikuwa nayo mfukoni, kama alivyokuwa nayo kila siku kwa miezi minne. Waziri akaitandaza karibu na sahani, akatoa kalamu.

"Wewe uvute kamba yako, na mimi nivute kalamu yangu. Huo ndio ushirikiano wa serikali na wananchi. Au wataka nirudi nayo ofisini?"

Sasa mniambie nyinyi mlioketi mahali pazuri, mngefanya nini. Kalembo alijua analotakiwa kufanya ni dhambi. Lakini karatasi ile ilikuwa pale, na kesho asubuhi angeweza kumleta mkewe kwa njia fupi, amelala, mbele ya macho ya kila anayekula. Akajiambia kwamba upepo unatoka juu, sauti haitafika Itumbula. Mtu aliyeujua upepo wa mto ule miaka thelathini na mmoja, akajidanganya kuhusu upepo. Wala hakumwachia mwingine kamba. Alihofia mtu mwingine asije akaikata honi vibaya. Akapanda chumba cha usukani, akafumua mfuko wa Bi. Editruda kwa kisu, akavuta.

Mara ya kwanza. Mara ya pili. Na ya tatu ikaregea kidogo mwishoni.

Sangara akaingia, amebebwa na watu wanne. Waziri akasaini kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa umeshika uma, na mpiga picha akawaomba warudie. Kalembo alikunja kibali chake, akakitia mfuko wa kifuani, akakigusagusa. Naona haya kulisema, lakini saa zile alikuwa na furaha.

*

Saa kumi na moja alasiri hotuba zilikuwa zinaendelea, nne zimekwisha na tatu zinasubiri matunda. Askari wa mandhari akapuliza filimbi. Mtumbwi ulikuwa unashuka katikati ya mto, wazi kabisa, haukufuata matete. Kafi ilikuwa mikononi mwa Lubida, mdogo wake Nyanzobe. Hakusimama kwa filimbi. Akaja mpaka ubavuni mwa Faraja, pale palipokuwa na ngazi ya wagonjwa zamani, akashika mnyororo.

Kalembo alishuka mbio, kibali kimeshainuliwa juu. Alikuwa anamwambia askari, ruhusa ipo, ruhusa ipo, saini zote saba. Askari akakipokea akakisoma. Alikuwa kijana wa juu mtoni, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa imeandikwa mgonjwa, mzee," akasema. "Huyu si mgonjwa tena."

Ndipo Kalembo akatazama ndani ya mtumbwi. Nyanzobe alikuwa amelazwa kwenye mkeka, kanga mpya, ile ya kwendea mjini. Walikuwa wamemfunga kidevu kwa kitambaa. Kalembo akaingia majini na sare yake mpaka kiunoni, akamshika miguu, ile miguu iliyovimba, kama vile akiishika vizuri atamzuia kwenda.

Lubida hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu. Alisema tu, taratibu, kama anayetoa taarifa.

"Usiku pumzi ilimkaba, shemeji. Asubuhi tukamtia mtumbwini tumpeleke Lubungo, angalau achomwe sindano. Tulikuwa tumeshasukuma. Honi ikalia. Akasema tumrudishe gatini kwetu. Nikamwambia, dada, Faraja imefungwa minyororo. Akasema, 'Huyo ni Kalembo, mkono wake naujua. Hawezi kuniita asije.' Akaomba kanga hii. Tukakaa juani mpaka saa kumi. Kila nikisema twende, anasema, subiri, iko kona ya pili."

Kalembo aliiachia miguu ile. Alipanda ngazi akichuruzika maji, akapita kati ya meza, wageni wakivuta nguo zao zisilowe, akapanda chumba cha usukani. Akashika kamba akavuta, hakuachia.

Mlio mmoja. Ulitoka juu ya vichwa vya wageni, ukaenda ng'ambo, ukapanda mto. Sokoni wanawake walitua vikapu. Wavuta mikokoteni walisimama wakavua kofia. Askari wa mandhari alivua ya kwake akaibana kwapani, akilia waziwazi. Mezani wageni walitazamana, wakatazama ratiba, wakaona haimo. Mheshimiwa, aliyezoea kwamba kila kelele isiyoeleweka ni wimbo wa taifa, akasimama wima na mkono kifuani. Alipoinuka yeye wakainuka wote mia na ishirini, na leso zao shingoni. Hivyo Nyanzobe, mkulima wa Itumbula, alisimamiwa na Baraza zima la Mawaziri, heshima ambayo hajapata kupewa mtu wa juu mtoni, hai wala maiti.

Kisha mvuke ukaisha. Samaki wa zamu ya pili akabaki mbichi ndani ya boila. Wageni wakapiga makofi.

*

Taarifa ya Tume ya Maadhimisho ilisifu ubunifu uliojitokeza. Kuanzia mwaka uliofuata ratiba iliandikwa: honi tatu kwa samaki, honi moja ndefu kwa matunda. Bi. Editruda aliacha kazi. Kibali kilirudishwa wizarani kwa kuwa hakikutumika, na kikafunguliwa jalada la kuchunguza kwa nini mwombaji alipoteza muda wa serikali.

Kalembo aliiacha sare yake imekunjwa juu ya usukani, pamoja na vifungo, akaenda kukaa Itumbula. Palizi anajifunza uzeeni, na watu wanamsaidia bila kumsema. Wangemsema ingekuwa nafuu. Siku hizi honi ikilia mara tatu hakuna anayemtoa mgonjwa ndani. Wanaendelea na jembe. Watoto waliozaliwa juzi wanajua kwamba ile ni sauti ya watu wanaokula, na mtu akitaka kuapa hutafuta kitu kingine.

Ila yeye. Kila mwaka siku ile, saa tano, mlio wa tatu ukikatika kwa mkono wa mtu asiyemjua, Kalembo hutua jembe, hunawa, huvaa kanzu safi, huteremka gatini na mkeka wake. Hukaa juani akitazama kona ya pili. Shemeji yake alipomwuliza mara moja anangoja nini na meli anaijua ilivyofungwa, alijibu kwamba hangoji kitu. Alisema anakaa tu muda ule aliokaa mwenzake.

Saa kumi ikifika hukunja mkeka, hupanda nyumbani, huinjika maji ya ugali. Nayo hadithi, kama ile meli, imefika ilikokuwa tangu mwanzo.